MASIKIO YA MFANYAKAZI

Mfanyakazi akianza kuona sauti za wenziwe zinafifia, jambo la kwanza analoshauriwa nyumbani ni kutia mafuta ya moto sikioni, au maji ya kitunguu saumu, au kuchokoa kwa njiti ya kiberiti. Washauri hao wana nia njema. Lakini sisi twasema waziwazi: nia njema haizibui sikio.

Nta ya sikio ni kinga, na kwa kawaida hutoka yenyewe. Njiti huisukuma ndani zaidi, na yaweza kutoboa kiwambo. Mafuta ya moto huunguza. Na ikiwa kiwambo kimekwisha toboka, kinachomiminwa hupenya hadi ndani na kuleta maradhi. Nyumbani hakuna awezaye kukiona kiwambo. Tabibu mwenye taa yake hukiona.

Tena uko uziwi usiotokana na nta. Kelele za mashine za desibeli 85 na zaidi, kwa saa 8 kila siku, huua polepole chembe za kusikia, nazo zikifa hazioti tena. Hapo hakuna dawa ya kumimina. Kinga ndiyo dawa. Hapa Tanzania, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Basi hatuna budi kuvidai vifaa hivyo, na tukivipata tuvivae. Sikio likitoa usaha au likiziba ghafula, twende kwa tabibu siku hiyo hiyo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Yetu hayajafa, tusiyaue kwa mikono yetu.