Jiwe la Mugere linathibitisha nini?
Jiwe la Mugere, upande wa barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, limechongwa majina ya wasafiri Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Wengi husema hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Hebu tuupime ushahidi. Wote wawili waliandika kwamba walikutana Ujiji, kisha wakaondoka pamoja kwa mtumbwi kwenda kaskazini kuuchunguza mto Rusizi, wakakuta unaingia katika Ziwa Tanganyika. Mugere iko kaskazini mwa Ujiji. Basi walifika pale wakiwa tayari wanajuana. Atakayepinga atasema tarehe za Stanley zina utata. Ni kweli, lakini hoja hii haitegemei tarehe, inategemea mfuatano wa safari. Walimu wa Rumonge, wapeni wanafunzi jiwe hili walichambue wenyewe.