Ndoo ya Mchanga Iko Wapi?

Kuna msemo nausikia sana kwa vijana wenzangu wa mazingaombwe: eti ukijiandaa kuharibikiwa, umeshajiroga mwenyewe. Msanii wa kweli anapanda na moyo wake tu, mengine yatajipa hukohuko jukwaani. Jamani, huo ni uvivu unaojiita ujasiri, na mimi nimechoka kuupigia makofi.

Chukueni karata, kazi ndogo kuliko zote. Mshikaji hata hajazichanganya, ameshatangaza: "Karata yako nitaitoa mfukoni mwa mwalimu!" Sasa unatangaza ya nini? Watazamaji hawajui unakwenda wapi, na huo ndio mtaji wako, unapita hata wepesi wa vidole. Ukinyamaza, ree ya kopa ikikupotea unampa mtu pakiti nzima, aitafute mwenyewe aiweke mezani, na mchezo mwingine unaanzia hapo kana kwamba ndivyo ulivyokusudia tangu mwanzo. Lakini huo mchezo wa pili uwe umeufanyia mazoezi nyumbani, bwana, siyo unaubuni huku jasho linakutoka. (Nanyi washairi mnaopanda kughani bila nakala mfukoni, msicheke sana.)

Mtanitajia Houdini, kwamba yule hakuwa na woga. Sawa. Mbona alipozamishwa kichwa chini ndani ya kasha la maji, pembeni alisimama msaidizi na shoka? Oktoba 11, 1926, mjini Albany, Marekani, kifundo cha mguu kilimvunjika katika mchezo huohuo. Wakamtoa, naye akaendelea na onyesho kwa michezo mingine.

Mwenye kunitisha mimi ni Chung Ling Soo. Jina la jukwaani hilo. Mwenyewe alikuwa Mmarekani, William Robinson, aliyejifanya Mchina kwa miaka mingi. Alikuwa "akidaka" risasi kwa sahani. Bunduki ilitengenezwa kwa hila: risasi ibaki mtutuni, ilipuke baruti ya kwenye tundu la chini tu. Machi 23, 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire, London, risasi ilitoka kweli, na kesho yake akafa. Ikaonekana bunduki ilikuwa imechakaa kwa ndani, baruti ikawa inapenya kidogo kidogo. Angalieni hapo: usiku baada ya usiku mchezo ulikwenda sawa, na kule kwenda sawa ndiko kulikoificha hitilafu.

Kwa hiyo mtu asiniambie "mbona sijawahi kuungua". Nimeambiwa hivyo uwanjani pa shule ya msingi, na jamaa anayepuliza moto kwa mafuta ya taa, watoto wamekaa chini hatua tatu tu kutoka alipo. Nilimwuliza ndoo ya mchanga iko wapi, hata blanketi lililoloa. Akacheka. Wewe hujawahi kuungua, haya. Na yule mtoto wa mstari wa mbele, yeye mmekubaliana nini?

Vivyo hivyo kwa binti unayemfungia sandukuni kisha unapitisha mapanga. Niambie leo, kabla hujabandika tangazo ukutani: akitamka neno gani humo ndani, unaacha kila kitu na kufungua? Kama hamna neno hilo, dada yangu haingii kwenye sanduku lako.