Askari wa kesho analinda nini?

Nipo nyumbani Ngulyati, Bariadi, kwa likizo, msuli nimeuweka pembeni kidogo. Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu lile vazi la askari wa hadithi za kisayansi ninalolitengeneza, na maswali yenu ni mawili tu: boom lote limeishia huko? Na je, utakuwa yupi wa Star Wars? La kwanza jibu ni hapana, boom lilishaisha kwa chipsi kama la kwenu. La pili ndilo nataka tubishane leo.

Msimamo wangu ni huu: ukitengeneza askari wa kesho halafu ukaiga kila kitu cha kwenye filamu, umefanya nusu ya kazi.

Wenzetu huko nje hili nalo limewagawa. Mwaka 1997, miaka 20 baada ya filamu ya kwanza ya Star Wars, Mmarekani Albin Johnson alianzisha kundi la 501st Legion, la watu wanaojitengenezea mavazi ya wale askari weupe na maadui wengine. Ili wakupokee, vazi lako linakaguliwa kama linafanana na la kwenye filamu. Mwaka 2007 likaja kundi la Mandalorian Mercs, na hao wanakuachia uchague rangi na alama zako mwenyewe. Mimi nipo na hawa wa pili, tena kwa sababu za hapa hapa kwetu.

Sababu ya kwanza ni sheria. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Mnakumbuka Agosti 2023 JWTZ walivyotoa siku 7 watu wazisalimishe. Kwa hiyo mabaka mabaka na kombati sahau, na bunduki ya bandia usithubutu kutembea nayo stendi. Wengine wanaona hii inaua ubunifu. Mimi naona inausukuma, maana inakulazimisha ujiulize mlinzi anaweza kuonekanaje bila kufanana na mwanajeshi.

Sababu ya pili ni kwamba Wasukuma tulishaanza zamani. Bagika na Bagalu wanashindana kucheza tangu karne ya 19, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Nenda Bujora mwezi wa sita wakati wa Bulabo ujionee. Ukitoka na kitu kile kile alichotoka nacho mwenzako, watu wanahamia upande wa pili. Hapo hakuna anayekusifia kwa kuiga vizuri.

Halafu kuna wale mnaosema vifaa hakuna. Wenzetu wanatumia mikeka laini ya EVA, na EVA ndiyo iliyomo kwenye soli za ndala nyingi tu! Ukiipasha moto inalainika, ukiikunja juu ya goti na kuishikilia mpaka ipoe, inabaki na umbo hilo. Mimi nakusanya ndala mbovu, nakata kwa wembe, naunga kwa gundi ya fundi viatu, napasha juu ya jiko la mkaa kwa mbali, nje penye hewa. Kabla ya rangi napaka gundi nyeupe ya maseremala ili rangi isipasuke. Mabegani nimeweka mpira wa tairi, ule wa katambuga, na chini yake nimeshindilia pamba. Tupo Simiyu bwana, pamba tena iagizwe? Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana na wenzake walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa silaha za vyuma chakavu, na dunia nzima ikaangalia.

Ila kilichonifikirisha zaidi ni swali la mzee mmoja hapa kijijini. Aliliangalia vazi, akazunguka nyuma, akauliza, "Mjukuu wangu, huyu analinda nini?" Jiulizeni na nyie. Yule askari mweupe wa Star Wars analinda himaya. Hana uso, hana jina, anatii tu.

Wangu nimeamua awe sungusungu wa mwaka 2200. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wakiwa na upinde na filimbi. Kwa hiyo filimbi inaning'inia shingoni, na kifuani nimechora ng'ombe. Najua pia kuna watu walipigwa na kuonewa na sungusungu, tusijifanye hatujui. Ndiyo maana kofia yangu haifuniki uso. Anayelinda kijiji lazima ajulikane ni mtoto wa nani, ili akikosea pawe na pa kumpeleka. Washkaji mnasema bila kinyago haifanani na filamu. Sawa, haifanani. Ndicho nilichokitaka.

Kwa hiyo wewe wa hosteli unayetaka kuanza, usianze na picha ya kompyuta. Anza na lile swali la mzee. Ukishajua unalinda nini, rangi na alama zitakuja zenyewe. Kama ni ziwa, kama ni mashamba ya mama yako, kama ni maktaba isifungwe saa mbili usiku, sema.

Haya, nyie wenu analinda nini? Na mwenye ndala mbovu asitupe, nazipitia nikirudi.