Mama, damu kwenye choo si amiba kila siku (Sehemu ya 4)

Leo nina dukuduku, nivumilieni.

Anakuja mama kliniki, mtoto mgongoni, yeye mwenyewe amekonda na viganja vyeupe kwa kuishiwa damu. Ukimuuliza, anaharisha damu na kamasi tangu mwaka jana. Ameshameza dozi sita za dawa ya amiba, zote za kununua dukani, na choo hakijapimwa hata mara moja. Jamani, dozi sita!

Amiba ipo, sibishi. Lakini kama umetibiwa na damu bado inatoka wiki baada ya wiki, mimi nasema ukatae dozi nyingine bila kipimo. Huenda ni vidonda vya utumbo mpana. Siyo vile vidonda vya tumbo vya kuungulia, na dawa zake ni nyingine kabisa.

Hapa kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa utumbo wako mwenyewe. Chanzo kamili hakijajulikana, ila kurithi kunachangia. Hauambukizi, kwa hiyo asikutengee mtu vikombe. Si kurogwa, wala si pilipili uliyokula ukiwa mjamzito.

Wataanza na choo na damu, halafu kamera ndogo inapitishwa njia ya haja kubwa na kinyama kidogo kinachukuliwa kupimwa. Aibu? Mbona leba tulivua?

Matibabu yapo: mesalazini au salfasalazini, ukiwaka sana steroidi za muda mfupi, kuna dawa za kushusha kinga, na wachache hufanyiwa upasuaji wa kutoa utumbo mpana. Kinachoniumiza ni mama kutupa dawa akijua tu ana mimba. Usifanye hivyo! Ugonjwa uliowaka unaweza kuleta mtoto njiti, na wengi huendelea na mesalazini mpaka kunyonyesha. Anayetumia salfasalazini aongezewe foliki asidi. Chache hazifai kabisa kwa mimba, mfano methotreksati, ndiyo maana unazungumza na daktari kabla ya kubeba. Na diklofenaki za mgongo mwambie kwanza, zinaweza kuuamsha.

Ukiharisha damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa au moyo kwenda mbio, usisubiri Jumatatu. Mwachie mtoto bibi yake, nenda hospitali usiku huo huo.