Ufuo Haumo Katika Kodi ya Nyumba

Kuna imani iliyoota mizizi kwa wageni wanaokuja kupumzika huku kwetu, na kwa baadhi ya wenyeji wanaowapangisha nyumba: kwamba mtu akishakodi kijumba cha makuti kinachotazama maji pale Kilifi, au vila ya ufuoni Malindi, basi amekodi na mchanga ulio mbele yake. Matangazo yanaandika hivyo bila haya. Vyumba vitatu, mpishi, bwawa la kuogelea, ufuo wa kibinafsi. Mpishi yupo kweli, tena hodari. Bwawa lipo. Huo ufuo wa kibinafsi ni uongo, na ni uongo ghali, ila anayeulipia si mgeni.

Sheria yenyewe ni fupi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaitaja ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma, inayoshikwa na Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya Wakenya na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Awe ni baharia mstaafu aliyetia nanga mashua yake ya matanga kwenye mkono wa bahari wa Kilifi akanogewa asiondoke, awe ni Mwitaliano aliyezeekea Malindi, awe ni mbunge wa kwetu, mpaka wake unakoma pale maji yanapofika yakijaa. Na asiye raia hata hicho kiwanja cha juu hakimiliki milele. Kifungu cha 65 kinampa ukodishaji usiozidi miaka 99.

Isitoshe, mpaka wenyewe hautulii. Waulizeni watu wa Malindi. Mto Sabaki, ule ule unaoitwa Athi kule bara na Galana ukishuka, huteremsha udongo kila mvua zikinyesha na kuumwaga baharini, maji ya ghuba yakageuka rangi ya chai ya maziwa hadi wageni wakanung'unika kwamba picha za tangazo ziliwadanganya. (Kuhusu hilo hawajakosea.) Miaka nenda, miaka rudi, mchanga umejaa mpaka hoteli zilizojengwa karibu na maji sasa zina uwanda wa mchanga mbele yake, na mgeni hutembea kitambo kabla ya kulowesha unyayo. Sasa aliyejidai zamani kwamba ufuo ni wake, leo atadai kipi: mchanga wa zamani, mchanga mpya, au udongo uliotoka Machakos?

Lakini hapa natofautiana na wenzangu wanaonukuu Katiba kisha wakakaa wakidhani kazi imekwisha. Hebu itazameni haki hiyo vizuri. Ni haki ya mchanga ambao maji huufunika mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne; maji yakijaa, haki ya umma iko chini ya maji. Tajiri akijenga ukuta wa mawe pale pale mwisho wa maji, kwenye ramani mambo yako sawa, lakini mvuvi hana pa kupita isipokuwa aogelee. Wenye akili zamani waliliona hili. Kanuni za upimaji ardhi zinasema kwamba ardhi ya serikali inapopimwa kando ya bahari ili igawiwe, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya mwisho wa maji. Kanuni hizo hizo zikamruhusu waziri kuupunguza kwa sababu za maendeleo. Tembeeni ufuo wowote wa kaunti hii ya Kilifi maji yakiwa yamejaa, mkijaribu kuzihesabu hizo mita 60. Na msisahau viatu, maana kuta zina chaza.

Anayeulipia uongo ule wa ufuo wa kibinafsi ni huyu. Asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa mpaka mwamba umebaki mtupu, utamwona mama amejifunga leso kiunoni, ndoo mkononi, na chuma chenye ncha. Hatafuti pweza, anatafuta taka. Pweza hula ndani ya pango lake na kutupa maganda ya kaa na chaza mlangoni, kwa hiyo shimo lenye maganda mapya nje lina mwenyewe ndani. Anachokoa taratibu, pweza anaudhika, anakumbatia chuma, na hapo amekwisha. Kazi hii ina saa zake. Maji yakianza kurudi lazima atoke, na njia yake tangu utoto ilikuwa ujia mwembamba kati ya viwanja viwili. Leo ujia una lango, na lango lina askari. Mara nyingi askari mwenyewe ni mtoto wa kaka yake. "Shangazi, niwie radhi, pitia kule mbele. Wageni wamelala." Shangazi anabeba ndoo yake kuzunguka kiwanja cha tatu, cha nne, cha tano, maji yanampanda magotini, na huko dikoni mama karanga anayengoja samaki wa kukaanga ameshapata wa mtu mwingine.

Utulivu unaouzwa kwa bei ya usiku mmoja umetengenezwa hivyo, kwa kumzungusha shangazi.

Tena anazungushwa mtu ambaye alishazungushwa. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Mwambao wapeleke madai yao ili wapewe hati. Waliojua mambo ya karatasi wakapata. Wamijikenda wengi waliolima bila karatasi wakaamka wakiitwa maskwota kwenye mashamba waliyoyapanda wenyewe. Mwaka 1914 Wagiriama wakachomewa nyumba na kufukuzwa kutoka kaskazini mwa Sabaki, baada ya Mekatilili wa Menza kuwachochea wakatae kuhesabiwa na kutumikishwa. Katika hayo yote, ufuoni tu ndiko kulikokuwa hakuna aliyedaiwa karatasi ili apite. Ndiko sasa kunakowekwa lango.

Nitaambiwa: na vijana wa ufuoni je? Mgeni hajakaa sawasawa kitini ameshauziwa kikuku, kinyago na safari ya mashua, na akikataa anafuatwa. Ni kweli, na inachosha. Hata mimi mwenye sura ya nyumbani hufuatwa. Lakini kusumbua ni kosa la msumbufu. Tunazo kaunti za kutoa leseni na vikundi vya kusimamia ufuo vyenye orodha za wanachama. Wafanye kazi yao. Hatufungi barabara ya Mombasa kwa sababu makanga wana kelele. Na wanaotaka ufuo mtupu kwa ajili ya usalama wajiulize, siku mkondo wa mlango wa Kilifi utakapomvuta mtoto wao, ni nani atakayejua pa kumkingia: askari mwenye rungu aliye kivulini, au mvuvi waliyemfukuza saa nne?

Nitaambiwa pia kwamba utalii unatulisha. Unatulisha, sikatai. Ndiyo maana kinanichekesha kile ninachokiona barazani mwa vijumba hivi: mgeni anaipiga picha ngalawa ikipita na tanga lake jeupe, anaituma kwao Nairobi au Milano, kisha ngalawa ikielekea kuegeshwa mbele yake anamwita meneja. Anaitaka ngalawa isiyotua popote.

Sikukuu ndiyo inayoumbua kila kitu. Nendeni siku ya Idi au Krismasi mahali pachache palipobaki wazi mkaone watoto wa Kilifi na Malindi waliobanana, familia nzima na sufuria za pilau, huku ng'ambo ya ukuta mchanga mrefu umelala na viti viwili vya plastiki. Watoto hao wamezaliwa wakisikia bahari usiku, na wapo wanaomaliza shule ya msingi hawajui kuogelea.

Serikali ya Kaunti ina wapimaji. Iwatume wazifufue njia zote zilizomo kwenye ramani za zamani, izichomekee vigingi, iweke kibao kila mlango wa njia, na lango lolote lililosimama juu ya njia ling'olewe, la mkubwa kwanza.

Na wewe unayepanga kuja Agosti au Desemba, karibu sana, nyumba ni nzuri na samaki ni wa leo. Ila kabla hujatuma pesa, mpigie mwenye nyumba umuulize wavuvi hupitia wapi. Akikujibu kwamba hawapiti, tafuta nyumba nyingine. Ziko tele, na bei inapatana.