Kikohozi si haya, kukificha ndiyo hatari

Ndugu mfanyakazi unayetoboa mawe chini ya udongo, nawe mama unayemsikia akikohoa usiku, ukurasa huu ni wenu.

Wengi hudhani kwamba mavumbi yanaziba mapafu tu. La, yanaua pia walinzi wake. Ndani ya mapafu mna chembe ambazo waganga huziita makrofaji. Kazi yao ni kumeza uchafu na vijidudu vinavyoingia pamoja na pumzi. Vumbi la mawe yenye silika, lile jembamba lisiloonekana kwa macho, hufika mpaka mwisho wa mapafu. Makrofaji inalimeza, lakini haiwezi kulimaliza, nayo inakufa. Vumbi linatoka, linamezwa na nyingine, nayo inakufa vilevile. Mahali pale panabaki kovu. Ndio ugonjwa wa silikozi, nao hauna dawa ya kuuponyesha.

Sasa, kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikigundua mwaka 1882, kinazuiwa na makrofaji hizo hizo. Kwa mtu mwenye afya zinakizunguka na kukifunga, naye anaweza kuishi miaka yote bila kuugua. Walinzi wakidhoofishwa na mavumbi, kijidudu kinaamka. Kwa hiyo mwenye silikozi yumo hatarini hata akiisha kupata pensheni.

Kapita anayeruhusu kutoboa bila maji ili kazi iende upesi hana faida. Mita anazopata leo zitalipwa hospitalini kesho. Wala kitambaa puani hakitoshi: tunataka maji, hewa safi na barakoa inayofaa.

Nawe unayeficha kikohozi kwa kuogopa kuondolewa kazini, hofu yako tunaifahamu. Watoto wanakula kwa mshahara huo. Lakini watoto hao hao wanavuta hewa ya nyumba yako. Ukikohoa majuma 2, peleka makohozi yapimwe. Kifua kikuu kinapona: dawa ya kawaida ni ya miezi 6. Usiiache mwezi wa 2 kwa sababu umepata nguvu, maana vijidudu vilivyobaki vinaweza kuizoea.

Na wakubwa wa kazi wafahamu hili: anayejionyesha mapema asinyimwe mkate wake, bali apewe kazi mbali na mavumbi. Mkimwadhibu mmoja, kumi watanyamaza, na ugonjwa utatembea kambini nyumba kwa nyumba.

Mama, kesho asubuhi umsindikize kwa munganga.