Cha Kuazima Hakisitiri Maungo: Mkufu wa Maupassant na Utamaduni Pendwa wa Leo

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwa wanafunzi wa fasihi kwamba hadithi fupi za kale ni mali ya mtihani tu, ilhali maisha yenyewe yamo katika muziki, filamu na picha za mitandaoni. Ni maoni yangu kwamba dhana hii haina mashiko. Tuchukue mfano wa hadithi ya Mkufu, aliyoichapisha Mfaransa Guy de Maupassant mwaka wa 1884.

Mathilde, mke wa karani wa wizara, anaalikwa dhifani. Anashona gauni la faranga 400 na kuazima mkufu wa almasi kwa rafikiye tajiri. Usiku huo anang'ara, kisha mkufu unapotea. Mume anatoa urithi wake wa faranga 18,000 na kukopa kiasi kama hicho ili wanunue mwingine. Wanalipa deni kwa miaka kumi ya sulubu. Hatimaye Mathilde anabaini kuwa mkufu ule ulikuwa bandia, usiozidi thamani ya faranga 500.

Je, hayo si ya leo? Katika video za muziki tunaona magari ya kukodi. Katika Instagram na TikTok, kijana hupiga picha katika hoteli asikolala, akiwa amevaa nguo asizomiliki. Aidha, tangu M-Shwari ianzishwe mwaka wa 2012 na Fuliza mwaka wa 2019, mkopo hupatikana simuni kwa dakika chache. Mathilde alihitaji rafiki wa kumwazima. Sisi twahitaji kidole tu.

Hata hivyo, naona tunakosea tunapoifunza hadithi hii kama onyo dhidi ya tamaa pekee. Kutamani kupendeza si dhambi, hasa kwa aliyenyimwa. Kilichomwangamiza Mathilde ni kuficha. Badala ya kusema kwamba mkufu umepotea, alimwandikia mwenyewe kuwa kifungo kimevunjika na kinatengenezwa. Lau angalisema kweli, angaliambiwa thamani yake siku iyo hiyo, na miaka kumi ingalisalimika.

Hapa ndipo utamaduni pendwa unapotudhuru zaidi: unatuzoesha kuonyesha dhifa na kuficha deni. Mwanafunzi aliyetumia karo kwa mapambo huona haya kumweleza mzazi. Hukopa hapa alipe pale, na aibu ikawa ghali kuliko mkufu.

Napendekeza basi kwamba katika vikao vya chama chetu tuisome hadithi kama hii sambamba na video wanazozitazama vijana, tuulize kila mara: ni nini kimefichwa hapa, na nani atakilipa? Tukifanya hivyo, fasihi itatoka katika karatasi ya mtihani na kuingia mabwenini, inakohitajika. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha uchi hazai.